Fyuzi Namba EM 1971

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimenunua hili kaunta buku kwa sababu moja tu. Kuna mtu anaichezea orodha yangu. Na hasira zangu hazikai, zinaisha kabla chai haijapoa. Justina, mke wangu, anasema nina moyo wa uji. Basi daftari hili ndilo litakalonikumbusha kukasirika.

Mambo yenyewe ni haya. Asubuhi nimevuta droo ya tisa nitoe kapasita ya pampu, nakuta kwenye lebo alama ya kuuliza. Penseli nyekundu. Ndogo, kama ya mwalimu anayeona aibu kukukosoa. Nikavuta ya kumi — nyingine! Ya kumi na nne — mbili! Hadi mchana nimehesabu saba.

Duka ni la Hardeep. Kuta ni za Hardeep, hata stuli ninayokalia aliinunua marehemu baba yake. Lakini orodha ni ya Elifuraha Minja. Miaka kumi na tisa! Kila kipuri cha elektroniki kilichomo humu kina mstari wake: namba, volti, ampea, kinavumilia joto gani, kina miguu mingapi, kiwanda gani, bado kinatengenezwa au kimeachwa, na kikikosekana mbadala wake ni upi. Mistari elfu tatu na mia sita. Kila Jumatatu saa moja asubuhi inakwenda kwenye kundi la simu la watu 214, kuanzia Same mpaka Sanya Juu. Mafundi redio, mafundi friji, mainjinia wa viwandani, wanunuzi wa vituo vya afya, hata padri mmoja anayejitengenezea spika za kanisani.

Wananiita Datashiti, kama ile karatasi ya kiwanda inayoeleza sifa za kipuri. Niliishia kidato cha pili, na hakuna aliyewahi kuniomba cheti. Wenye digrii wananipigia: Datashiti, hii transista ya Mjapani imeachwa, niweke ipi? Nami najibu huku natafuna ndizi.

Wananiamini. Ndiyo maana alama ya kuuliza ni tusi.

Jumanne, 4 Machi

Wanaogusa droo ni watatu. Wa kwanza mimi, na mimi najifahamu. Wa pili Hardeep, ambaye maswali yake huyauliza kwa sauti mpaka mtaa wa pili wanajibu. Wa tatu Kindness.

Kindness amekuja Januari. Mama wa watoto wawili, amefanya kazi miaka tisa kwenye minara ya simu, anapanda kule juu kama paka, ana diploma, mpole. Upole huo ndio unaonitisha. Mchana sisi tunakwenda kwa mama ntilie, yeye anabaki ndani na hotpoti yake. Mtu gani mwenye akili anakula wali wa jana katikati ya madroo?

Wiki yake ya kwanza aliniuliza: Kaka Eli, hii namba umeitoa karatasi ipi ya kiwanda? Mimi siioni. Nikamjibu kwa upana. Kwamba nimefika Guangzhou mara mbili. Kwamba nimelala uwanja wa ndege wa Dubai siku mbili, mashuka yangu magazeti. Kwamba nimekula chura meza moja na mwenye kiwanda cha swichi na namba nyingine alinipa kwa mdomo wake akiwa anafuta mafuta. Akasema, "Sawa, kaka." Hajauliza tena tangu siku hiyo.

Mtu akiacha kuuliza, kuna kitu anapanga.

Leo nimejifanya nimesahau kofia, nikarudi ghafla saa saba na nusu. Nimemkuta ameshika mita, anapima diodi za droo ya sita. Anapima vilivyokwisha pimwa! Nikachukua kofia. Kofia yenyewe ilikuwa kichwani kwangu tayari. Akanitazama, nikamtazama, nikatoka.

Alhamisi, 6 Machi

Sasa nimeelewa. Ni wizi!

Filemon ameshuka leo kutoka Marangu. Fundi wa pasi, redio na majiko ya wali, rafiki yangu tangu tulipokuwa tunabeba mizigo ya wazungu mlimani — yeye alifika kileleni, mimi nilifika karibu na hapo na mandhari ni yale yale. Amekuja na karatasi mbili zilizochapwa. Orodha ya duka jipya la Kiboriloni. Akaitandaza kauntani: "Mangi, hebu soma mstari wa arobaini."

Nikasoma. Kuna transista moja ambayo mwaka juzi, kwenye safu ya maelezo, niliandika: "hii haitaki mchezo, itakuunguza uso." Na wao wameandika hii haitaki mchezo, itakuunguza uso!

"Wameiba hadi utani wako," Filemon akasema, akacheka mpaka kaunta ikatikisika.

Sikucheka. Kindness anakaa Kiboriloni. Hesabu imekaa yenyewe.

Lakini pia mchana Hardeep alipigiwa simu, akaongea Kipunjabi muda mrefu, akacheka mara tatu. Huyu naye anacheka nini? Simwondoi mtu. Hata stuli naitazama vibaya.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetega.

Nimetunga kipuri ambacho dunia haina. EM 1971. EM ni Elifuraha Minja, na mwaka ni ule mama alioniona kwa mara ya kwanza akashangaa. Nimekiita fyuzi ya joto. Hiki ni kidude kidogo, mwili wake kama punje mbili za wali, miguu miwili ya waya. Kinakaa ndani ya kitu kinachochemka. Joto likizidi kiwango chake, kinakata umeme, basi. Kazi yake ni hiyo moja, na kinaifanya mara moja katika maisha yake yote, kisha unakitupa.

Ili uongo ukae vizuri nimeujazia kila safu. Nyuzi 121, ampea kumi, volti 250. Imetengenezwa Japani. Bado inatengenezwa. Na kwenye safu ya mbadala nikaandika kwamba inachukua nafasi ya ile halisi ya nyuzi 121 iliyotuishia tangu Januari. Mtu akiuona mstari huo anautamani! Kwa kweli ni mstari mzuri kuliko yote niliyowahi kuandika.

Nimeuweka kwenye faili la ndani tu, la kompyuta ya duka, ambalo tunalifungua watatu. Orodha ya Jumatatu nitaituma mwenyewe kutoka kwenye simu yangu, safi. Kwa hiyo EM 1971 ikitokeza Kiboriloni, najua imetokea humu ndani. Sijamwambia Hardeep. Mshukiwa haambiwi mtego uko wapi.

Jioni wamepiga kutoka Marangu. Shangazi Eliaichi ametutoka. Kesho napanda.

Jumapili, 9 Machi

Marangu. Mvua tangu jana, haipumui. Kaburi limechimbwa kihambani kati ya migomba, maji yanajaa, tunayachota kwa ndoo kabla ya mchungaji kufika. Nimelia kuliko wanawe. Shangazi ndiye aliyekuwa ananiambia mbele ya watu: wewe Elifuraha unadanganya vizuri mno, Mungu akusaidie uwe unadanganya kuhusu mambo madogo.

Nimekula mtori bakuli mbili, kwa heshima yake.

Barabara ya chini imekatika, mtandao hakuna. Orodha ya kesho iko hapa kwenye simu yangu na simu haina hata mstari mmoja. Haidhuru. Watakosa wiki moja, hakuna atakayekufa.

Jumatano, 12 Machi

Nimefika dukani saa nne, viatu vyote tope. Hardeep akanyanyuka, akanishika mkono kwa mikono miwili. Pole sana bana, msiba ni msiba. Kisha akajipiga kifua: "Na usiwe na wasiwasi! Orodha nimetuma mwenyewe. Jumatatu, saa moja kamili!"

Nikamwuliza faili gani.

"Hilo la kompyuta. Kwani kuna jingine?"

Nimefungua kundi. Ipo. Mstari wa 2,218, imesimama pale katikati ya wenzake kama mgeni aliyevaa suti. Watu 214 wameupokea.

Filemon alikuwepo dukani akingoja waya. Nikamwuliza kwa mzunguko, je, EM 1971 anaijua?

"Ile? Aisee, siku nyingi! Nimefunga kwenye pasi ya mchungaji. Inafanya kazi vizuri sana. Ngumu kuliko ile ya zamani."

Nilikwenda uani nikacheka mpaka nikashika ukuta. Kipuri kimezaliwa Ijumaa jioni na Filemon kakifunga siku nyingi! Halafu kicheko kikaisha. Nikabaki nashika ukuta.

Nimeufuta mstari, kimya kimya. Tunayo kanuni, na mimi ndiye niliyeitunga: ukirekebisha chochote, Jumatatu inayofuata unaandika juu kabisa neno SAHIHISHO, kwa herufi kubwa, na kusema kilichokuwa kibaya na kilicho sahihi. Nimewahi kumgombeza Hardeep wiki nzima kwa kubadilisha ampea tatu kuwa mbili bila kusema. Safari hii kanuni sitaitumia. Ukisema umekosea mara moja, watakuuliza mangapi mengine.

Alama nyekundu sasa ni ishirini na tatu.

Ijumaa, 14 Machi

Jana kutwa nzima nilikuwa Mabogini. Bodi ya pampu ya wakulima wa mpunga imekufa, wanataka kujua kila kipuri chake na mbadala wake. Nimesimama kwenye tope mpaka magoti nasoma namba kwa lenzi, kina mama wananiita daktari. Nilifurahi. Ni kazi yangu ile, na naijua.

Leo Filemon kaleta orodha mpya ya Kiboriloni. EM 1971 imo. Na pembeni wameandika: IPO, NYINGI.

Nyingi! Ya kwangu mwenyewe sina hata moja, wao wanazo nyingi!

Nikamwonyesha Justina jioni, nikamweleza habari ya mtego na mwizi na Kindness na Kipunjabi. Alikuwa anachambua mchicha, hakuinua kichwa. "Baba Wilson, hiyo orodha si wewe unayewatumia watu mia mbili kila Jumatatu? Sasa wakuibie ya nini?"

Simsemeshi mpaka chakula kiive.

Kweli, jamani. Mwizi hakuna. Naigawa mwenyewe.

Lakini ile penseli nyekundu? Hiyo haijaelezwa na mtu. Ipo penseli na ipo sababu.

Jumatatu, 17 Machi

Leo naandika polepole, nisije nikaruka kitu.

Asubuhi nimevuta droo ya ishirini na mbili, ya fyuzi. Kuna kiboksi kipya. Lebo, mwandiko wa Hardeep: EM 1971.

Nikakifungua. Ndani kuna pakiti ya nailoni, imechapwa vizuri, ina nembo, ina maandishi ya kigeni, ina namba. EM 1971. 121°C. 10A. 250V. Na ndani ya pakiti — vidude. Vina rangi ya fedha. Vina miguu. Kila kimoja kimeandikwa jina langu na mwaka wangu, kwa herufi ndogo kama za chungu.

Nilikaa kwenye stuli ya marehemu baba yake Hardeep. Kitu nilichokitunga hapa hapa, nikitafuna ndizi, kimelala kiganjani kwangu na kina uzito.

Kisha nikaelewa. Wamenijua! Hardeep na Kindness wameugundua mtego, wamechapa vidude vya kuchezea, wananingoja niruke. Basi siruki ng'o. Kutwa nzima nimezungumza mpira. Hardeep hakuonyesha kitu hata kidogo — ndivyo anavyojua kuigiza. Kindness alinitazama mara nne. Nami nilimtazama mara nne.

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Pakiti imeandikwa 50. Nimehesabu, viko 44. Wenye utani wanapunguza sita za nini?

Jumanne, 18 Machi

Sikuvumilia. Saa mbili asubuhi nimemwuliza Hardeep kwa kuzunguka, hizi za droo ya ishirini na mbili zinatoka?

"Zinatoka! Injinia Pamela kachukua sita Alhamisi, wewe uko Mabogini na mipunga yako." Akaendelea, kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi ya mwenzake. Kwamba Pamela alipiga siku ile ile ya orodha, akasema Datashiti ameipata mbadala, nayo kaihangaikia tangu Januari. Kwamba yeye Hardeep akapiga Dar kwa muuzaji wetu wa jumla, akamtajia namba. "Hakuuliza hata mara mbili! Akasema ipo. Keshokutwa yake ikaja na basi, na pakiti yake nzuri."

Nikauliza Pamela anaifunga wapi.

"Si kwenye vile vitanda vya joto. Vya watoto njiti."

Injinia Pamela namjua miaka minane. Anazunguka vituo vya afya vya mlimani na begi lake la vifaa mgongoni, anatengeneza mashine zao. Hajawahi kunipigia kubishana. Kila mara anasema hivi: kama umeandika wewe, Datashiti, sihitaji kupima.

Nilisimama. Sikujua nakwenda wapi. Nikajikuta mbele ya Kindness, nikamwekea pakiti mezani, nikasema, dada, hii nimeitunga. Haipo. Nilikuwa nakutega wewe.

Nilitegemea apige kelele. Aliniangalia kidogo, akachukua mita yake na sufuria ya kuchemshia chai. "Twende uani, kaka. Lete mafuta ya kupikia."

Tumewasha jiko la mkaa chini ya paa la bati, mvua inapiga. Mafuta nusu sufuria. Kipimajoto ndani. Akafunga kidude kimoja kwenye ncha za mita, akakizamisha. Mita ikilia ujue umeme unapita. Ikinyamaza ujue kimekata. Tukachuchumaa wawili kama watu wanaokaanga kitumbua kimoja.

Nyuzi 90, inalia. 110, inalia. 121. Nikaisogelea mita. Inalia. 125. Kindness akachochea mkaa. 140. Inalia. 160. Mafuta yakaanza kutoa moshi. 190, na kile kidude kinalia tu, kwa furaha kabisa, kama jogoo wa asubuhi.

Tukajaribu cha pili. Cha tatu. Vile vile. Cha nne akakivunja kwa koleo. Ndani hamna springi, hamna dawa ya kuyeyuka, hamna chochote. Waya mtupu umepita upande hadi upande, na juu yake wamechapa tu namba tuliyowatajia.

"Kinafanya kazi vizuri sana," nikasema. Maneno ya Filemon. Maana ndivyo kitakavyoonekana kule mlimani! Kitanda kitawaka, taa itawaka, mtoto atapata joto, nesi atafurahi. Waya nao unapitisha umeme. Hutajua chochote mpaka siku ile kirekebisha joto cha kitanda kikwame na joto lianze kupanda, na pale ndani kuna mtoto wa kilo moja na nusu, na aliyewekwa kumlinda ni mimi.

Kindness akanionyesha daftari lake. Kila alama nyekundu ina mstari wake, tarehe na alichopima. Zote ni namba ambazo hakuona karatasi ya kiwanda. Tarehe 10 Machi, Jumatatu, saa mbili asubuhi ameandika: EM 1971? Haipo popote. Labda ya Guangzhou.

"Sasa kwa nini hukuniuliza, dada?"

"Nikikuuliza unanipeleka Dubai, kaka."

Nilicheka, na machozi yakatoka humo humo. Kisha akasema, polepole, kwamba kati ya zile alama amekwisha pata kumi na moja ambazo ni kweli zimekosewa. Volti, nyingine ampea. Alikuwa anatafuta njia ya kuniambia bila kuniaibisha. Nami nilikuwa narudi kuchukua kofia.

Nimempigia Pamela mara tisa. Hapatikani. Nimetuma meseji: Injinia, zile sita usifunge. Kama umefunga, zima vitanda, watoto wahamishwe, nipigie. Tiki moja. Ya kijivu.

Jumatano, 19 Machi

Saa tatu asubuhi. Bado tiki moja.

Ofisini kwao wanasema yuko ziarani tangu Ijumaa, vituo vinne au vitano, hawajui yuko kipi leo, mvua imeangusha mnara. Wamepewa habari, wanapiga wanakoweza. Filemon nimempigia saa kumi na mbili kabla hata hajavaa. Amechukua pikipiki ya jirani, amekwenda kituo cha juu. Kabla hajakata simu akaongeza: "Mangi, ile pasi ya mchungaji... sikufunga kitu. Nilisema tu." Nikamwambia najua. Nenda.

Saa nne na nusu. Filemon amepiga. Pamela alipita pale Jumatatu, katengeneza kitanda kimoja. Nesi mkuu amekizima, mtoto yuko kifuani kwa mama yake, mzima. Kimoja! Sita toa moja. Tano ziko wapi?

Saa tano. Hardeep kafunga mlango wa duka, kageuza kibao, katuita mezani. Hakugomba. Ningependa agombe. Alitengeneza kilemba chake kwa vidole viwili, akasema taratibu: tuandikie kundi kwamba mzigo wa Dar ni mbovu, EM 1971 zote zirudishwe. "Na si uongo, Elifuraha. Mzigo ni mbovu kweli. Kwa nini ujichinje? Orodha ikianguka, duka limeanguka. Watu hawaji hapa kwa ajili ya uso wangu, bana."

Na ni kweli. Ni ujumbe mzuri. Kila neno lake ni la kweli. Nikiutuma, jioni mimi bado ni Datashiti.

Nikamtazama Kindness. Anachonga penseli yake nyekundu. Nami nilikuwa nafikiri mambo mawili. Kwanza: nikisema mzigo ni mbovu, mtu atatafuta EM 1971 iliyo nzima. Ataipata! Kiboriloni ipo nyingi. Dar ipo. Kesho itakuwepo Arusha. Namba yenyewe ndiyo mbovu, na namba naijua mimi peke yangu inatoka wapi. Pili: shangazi, na yale mambo madogo.

Hardeep amesema, "Amua wewe. Orodha ni yako." Akaenda kutazama mvua dirishani.

Nimeandika. Nainakili hapa isije ikaniponyoka:

SAHIHISHO. EM 1971 haipo. Haijawahi kuwepo. Niliitunga mimi, Elifuraha Minja, tarehe 7 Machi, kwa ujinga wangu. Mwenye EM 1971 aliyoinunua popote, hata kama pakiti ni nzuri, haikati joto, tumepima mpaka nyuzi 190. Itoeni. Aliyeifunga kwenye kitu chenye mtu ndani azime sasa hivi. Na kuna mistari mingine kumi na moja iliyokosewa, dada Kindness ataituma leo, yeye ndiye aliyeipata. Kuanzia leo msichukue neno langu. Pimeni.

Saa sita kasoro dakika kumi. Nimetuma.

Tiki zinageuka. Kumi. Arobaini. Padri wa spika ameweka alama ya mshangao, peke yake. Duka la Kiboriloni wamesoma, hawajasema kitu. Fundi mmoja wa Sanya Juu ameandika: Datashiti, ni utani huo? Mwingine: miaka yote hii? Mwingine amejitoa kwenye kundi. Wawili. Watano.

Kindness ameniwekea chai. Ameketi upande ule wa kaunta, kafungua faili, ananisomea namba ya kwanza kati ya zile kumi na moja. "Kaka, droo ya tisa, kapasita ya pampu. Umeandika volti 450. Mwili wake unasema 400." Nikamwambia andika 400. Ndiyo ile niliyowapelekea watu wa Mabogini wiki iliyopita. Nitawapigia.

Simu imelia kidogo mezani. Ile meseji ya jana kwa Pamela. Tiki ya pili imetokea.

Zote mbili za bluu. Ameisoma.

Anaandika.

Ameacha.

Anaandika tena —